Avon, Stringer au Marlo: nani mwovu zaidi katika The Wire?

Swali: Mimi na wenzangu wawili tumemaliza kutazama The Wire, na tangu siku hiyo hatuelewani. Mimi nasema Avon Barksdale, pamoja na ubaya wake wote, ana utu kuliko Marlo Stanfield kwa sababu ana miiko yake. Mwenzangu mmoja anasema muuaji ni muuaji tu, na tena Marlo angalau si mnafiki. Wa tatu anasema tunapoteza muda, mwenye afadhali ni Stringer Bell, kwa kuwa yeye alitaka biashara isiyo na damu. Wewe unayefundisha maadili, ungetuamuaje?

Jibu:

Ndugu yangu, nitoe hukumu kwanza, maelezo yafuate. Avon ana afadhali kuliko Marlo, ila si kwa sababu uliyoitaja. Hiyo miiko unayomsifia ni dhaifu kuliko unavyoikumbuka. Mwenzako wa pili amekosea kuhusu unafiki. Wa tatu ndiye aliyepotea kabisa, na nashuku suti za Stringer na sauti ya Idris Elba, anayemwigiza, zina mchango wake hapo.

Kwa wasomaji wengine: hii ni tamthilia ya HBO iliyorushwa kuanzia Juni 2002 hadi Machi 2008, misimu 5, sehemu 60, na mambo yake yote yanatokea Baltimore, Marekani. Avon ni bosi wa genge la wauza unga, Stringer ni rafiki na msaidizi wake, na Marlo ni bosi kijana anayepambana nao. Muasisi wake, David Simon, alikuwa mwandishi wa gazeti la Baltimore Sun. Mwenzake Ed Burns alikuwa mpelelezi wa polisi wa jiji hilohilo kabla hajageukia ualimu. Yule mzee wa kanisa anayeitwa Shemasi aliigizwa na Melvin Williams, ambaye zamani alikuwa bosi wa unga wa kweli hapo Baltimore. Burns ndiye aliyempeleleza, na Simon ndiye aliyeandika habari zake gazetini. Watu waliokuwa na uzoefu wa namna hiyo hawangeandika shetani mwenye mapembe, na ndiyo maana ubishi wenu hauishi.

Tuanze na miiko. Watetezi wa Avon hukimbilia tukio la Jumapili. Katika msimu wa 3, vijana wawili wa kambi ya Barksdale wanamwona Omar Little, mwizi anayewaibia wauza unga, akimsindikiza bibi yake kanisani. Mjini kuna makubaliano ya tangu zamani kwamba Jumapili asubuhi hakuna kupigana risasi. Vijana wanapiga simu kuuliza, Stringer anawaruhusu, wanafyatua. Omar na bibi yake wanapona, lakini kofia ya kanisani ya bibi inatobolewa. Kambini hapakaliki. Slim Charles, mmoja wa wapiganaji wa Avon, ameishika ile kofia iliyochanika mkononi, anawasema wale vijana mpaka unawaonea huruma, na wanaambiwa wakamnunulie bibi kofia mpya, tena ya bei.

Tukio zuri sana, nami hulicheka kila ninapolirudia. Lakini jiulize Avon anapoteza nini kwa kuheshimu Jumapili. Hapotezi kitu. Omar atakuwepo Jumatatu. Mwiko wa aina hiyo unawasaidia wauaji wote kwa pamoja, kwa sababu kila mmoja wao ana mama au bibi wa kupeleka kanisani. Ni mapatano ya wenye bunduki, na yanaheshimika mradi kila upande unapata faida yake. Ukitaka kumpima mtu kwa miiko yake, mtazame siku mwiko unapomgharimu kitu anachokitaka.

Na Avon siku hizo zilimfikia. Sehemu ya kwanza kabisa ya tamthilia inatufikisha mahakamani: mpwa wake, D'Angelo, ameshtakiwa kwa mauaji. Shahidi mmoja anageuza maneno kizimbani. Mwingine, William Gant, mtu wa kawaida asiye na uhusiano wowote na magenge, anasimama na kumwonyesha D'Angelo kidole. D'Angelo anaachiwa huru hata hivyo. Kesi imekwisha, na Gant hana tena neno la kumdhuru mtu. Kabla sehemu hiyo haijaisha, Gant amelala barabarani, amekufa kwa risasi. Kosa lake lilikuwa kusema kweli, na kifo chake kilikuwa tangazo kwa mtaa mzima.

Lakini tukio linalonifanya nisikubali kabisa habari za Avon mwenye miiko limo katika msimu wa 2, na ajabu ni kwamba watu wengi hulisahau. Avon yuko gerezani. Askari magereza mmoja, Tilghman, anamwandama Wee-Bey, muuaji mtiifu wa Avon, kwa kuwa Wee-Bey alimuua ndugu yake. Huyohuyo Tilghman anaingiza unga gerezani na kuuza. Avon anapanga ule unga utiwe sumu. Wafungwa wanaununua, wanajidunga, na kadhaa wanakufa katika seli zao. Kisha Avon anawaendea wakubwa na ofa: namjua aliyeingiza mzigo ule, nipunguzieni muda wa kifungo. Kwa pigo moja amemwondoa askari msumbufu na amejikaribishia siku ya kutoka.

Wale waliokufa hawakuwa wapinzani wake. Hawakumkosea. Baadhi yao bila shaka walikuwa wateja wake wa zamani mtaani. Kabla mambo hayajaanza, Avon anamwambia D'Angelo, kwa sauti ya mjomba anayejali, akae mbali na unga kwa siku kadhaa. Katika sentensi hiyo moja fupi unamwona Avon mzima. Anajua watu watakufa. Anachagua mmoja wa kumtoa, aliye wa damu yake, na wengine anawaacha. D'Angelo anapounganisha mambo, anakataa kufaidika na mpango huo hata kama utampunguzia miaka yake 20. Kama ni miiko, hiyo ndiyo miiko: kijana anakataa uhuru kwa sababu bei yake ni maiti za watu asiowajua. Mjomba wake asingeweza hata kuelewa kukataa huko.

Basi kwa nini bado nasema Avon ana afadhali? Kwa sababu ya Cutty.

Dennis Wise, maarufu kama Cutty, anatoka gerezani baada ya miaka 14 na kurudi kwa Avon, kwa kuwa kazi nyingine haimpi hata heshima. Anapelekwa kumuua kijana wa upande wa Marlo. Bunduki anayo, kijana yuko mbele yake, na anashindwa kufyatua. Baadaye anakwenda mbele ya Avon na kumwambia waziwazi kwamba mchezo huu haumo tena ndani yake. Angalia wakati wenyewe: Avon yuko katikati ya vita, anahitaji kila mkono unaojua kushika silaha, na mbele yake amesimama askari aliyeshindwa kazi, anayejua siri za kambi, anayeomba kuondoka. Katika hadithi nyingi za magenge, mtu wa namna hiyo hafiki nje ya mlango. Avon anamwacha aende. Slim Charles anaposema kwamba zamani jamaa alikuwa mwanamume, Avon anamjibu kuwa hata leo ni mwanamume.

Kisha Cutty anarudi kuomba dola 10,000 za vifaa vya ukumbi wa ndondi kwa ajili ya watoto wa mtaani. Avon anampa 15,000. Wapo wanaosema kwa bosi wa unga hizo ni sarafu za mfukoni. Kweli. Ila ukumbi ule unawachukua wavulana walewale ambao kesho wangesimama kwenye kona zake kuuza. Kwa kiasi fulani, Avon anachangia dhidi ya biashara yake mwenyewe, na hamwagizi mtu kuandika jina lake ukutani.

Ninachokiona hapo ni uwezo ambao haumo katika miiko yoyote ya mtaani: Avon anaweza kumtazama mtu asiye na faida kwake na bado akamwona kuwa ni mtu. Uwezo huo ni mdogo, haufiki kwa Gant wala kwa wale waliokufa gerezani, na hautoshi kumwokoa mbele ya hukumu yoyote ya haki. Lakini upo.

Sasa mlete Marlo. Msimu wa 4, ametoka kupoteza fedha kwenye karata, hana raha. Anaingia dukani, anachukua pipi za kijiti na kuzitia mfukoni huku akimtazama mlinzi usoni, makusudi, ili mlinzi amwone. Mlinzi anamfuata nje. Soma maneno ya mlinzi kwa makini, kwa sababu ndipo jibu la swali lako lilipo. Hamtishi. Anamweleza kwamba anamfahamu ni nani, kwamba hatafuti ugomvi, kwamba yeye ni mtu mwenye kazi na familia ya kulisha, na inamuuma kufanywa kama hayupo. Anaomba jambo moja tu, atazamwe kama mtu. Marlo anamjibu kwa upole kabisa kwamba yeye anataka mambo yawe namna moja, ilhali yako namna nyingine. Muda si mrefu Chris na Snoop, wauaji wa Marlo, wamemuua yule mlinzi.

Lile ombi lililomtoa Cutty salama ndilo lililomuua mlinzi. Yote mawili yalisema, kwa maneno tofauti, kwamba mimi ni mwanamume, nitendee hivyo. Kwa Avon neno hilo linapata mahali pa kushika. Kwa Marlo ni kosa lenyewe. Mlinzi hakuuawa kwa sababu alikuwa tishio wala kwa sababu alikuwa shahidi. Pipi hazikuwa na maana. Aliuawa kwa kudai kwamba na yeye yupo.

Ukishaliona hilo, matendo mengine ya Marlo yanajipanga yenyewe. Anataka Omar atafutwe na polisi, basi mwanamke aliyeleta bidhaa katika duka la jamaa aitwaye Andre anapigwa risasi ili Omar asingiziwe. Yule mama hakuwa hata adui wa kubahatisha, alikuwa karibu tu. Jamaa wa mtaani, June Bug, anasikika kuwa amesema maneno ya kumdhalilisha, nyumba yake inavamiwa usiku. Prop Joe, bosi mkongwe wa unga, anamfundisha biashara, anamkaribisha, anamtambulisha kwa watu wake, na Marlo anasimama mbele yake kwa utulivu anapouawa. Joe anamkumbusha kwamba alimtendea kama mwanawe. Marlo anamjibu kwamba yeye hakuumbwa kuwa mtoto wa mtu.

Halafu zile nyumba zilizoachwa. Maiti 22 zimefungiwa ndani, zimemwagiwa chokaa, mbao zimepigiliwa tena mlangoni kwa mashine ya misumari. Kambi ya Barksdale ilimtupa Brandon, mpenzi wa Omar, juu ya gari baada ya kumtesa, ili mtaa mzima umsome kama onyo, na huo ulikuwa unyama wa wazi. Unyama wa Marlo una jambo la ziada: mama haambiwi mwanawe yuko wapi, hakuna mazishi, na takwimu za mauaji za jiji zinaonekana njema. Mpaka mpelelezi Lester Freamon aling'amue kwa kutazama misumari tu, Baltimore ilikuwa nusu inamshukuru Marlo kwa utulivu wake bila kujua. (Kama kuna kejeli kali kuliko hiyo kuhusu polisi wanaoendeshwa kwa takwimu, sijaiona katika televisheni.)

Hapa ndipo namjibu mwenzako wa pili. Anasema Marlo si mnafiki. Ni kweli, na hiyo si sifa kwake. Avon anataka aonekane mtu wa heshima, kwa hiyo anaweza kuaibishwa. Dada yake Brianna anaweza kumkalia kooni kuhusu mwanawe. Stringer anapokiri kwamba ndiye aliyeamuru D'Angelo auawe, Avon anamrukia akiwa na jeraha la risasi begani, ingawa alijua wazi hataweza. Mtu anayejifanya mwema ana kamba shingoni ambayo wengine wanaweza kuivuta. Marlo hana kamba. Kitu pekee kinachompandisha hasira katika misimu yote mitatu ni kugundua, akiwa mahabusu, kwamba Omar alikuwa akimwita mitaani atoke wapambane, na watu wake walimficha. Vifo havimgusi. Jina linamgusa.

Kuna hoja moja ya kumtetea Marlo ambayo siwezi kuipuuza, na ni ya waandishi wenyewe. Wanaonyesha kwamba mtaa ule unazalisha watu kama yeye. Shule haifundishi, polisi wanahesabu, na kijana kama Michael, ambaye mwanzoni anakataa fedha za nguo za shule zinazogawiwa na watu wa Marlo, anajikuta hana mlango mwingine wa kugonga ila huohuo. Nakubali. Ila mtaa huohuo ulizalisha Cutty, D'Angelo na Bubbles, yule mraibu wa unga. Mazingira yanaeleza kwa nini kuna bosi wa unga kwenye ile kona. Hayaelezi kifo cha mlinzi.

Na malipo yake? Marlo anatoka huru kwa sababu polisi walinasa simu zake kinyume cha sheria. Anauza mtandao wake wa kupata mzigo kwa dola milioni 10. Wakili wake anampeleka kwenye hafla ya wenye fedha, waliovaa suti, mahali ambapo Stringer angelipa chochote afike. Marlo anaondoka, anakwenda kwenye kona, anawakabili vijana wawili wasiomjua, anajeruhiwa mkononi, anaionja damu yake. Ana kila kitu na hana la kukifanyia. Siiti hiyo adhabu, lakini inathibitisha kwamba hata fedha haikuwa lengo.

Sasa Stringer. Nimpe kwanza kilicho chake: ule ushirika wa mabosi alioujenga pamoja na Prop Joe ulipunguza vita vya kona. Watoto waliobaki hai kwa sababu yake walibaki hai kweli, hata kama nia yake ilikuwa faida. Anayepima maadili kwa matokeo peke yake ana haki ya kumhesabia pointi hizo.

Lakini Wallace, kijana muuza unga wa kambi ya Barksdale, alikuwa na miaka 16. Alikuwa akilala katika nyumba iliyoachwa na kundi la watoto wadogo zaidi, akiwaamsha asubuhi na kuwagawia juisi na vibanzi kabla ya shule. Alisaidia kuwaonyesha wauaji alipo Brandon, akaiona maiti yake, na roho yake ikavunjika. Stringer ndiye aliyempa Bodie, kijana mwenzake wa kambini, kazi ya kumuua. D'Angelo naye alinyongwa katika maktaba ya gereza, ikapangwa ionekane amejiua, kwa amri ya Stringer, aliyekuwa wakati huohuo akilala na mama wa mtoto wa D'Angelo. Avon hakuambiwa. Hakuna hata mmoja kati ya wawili hao aliyekuwa adui. Wote walikuwa vijana wa nyumbani waliochoka.

Na habari ya biashara bila damu inakufa mara tu Seneta Clay Davis anapomla dola 250,000. Stringer, mwanafunzi wa uchumi, anayeendesha vikao vya wauza unga kwa kanuni za mikutano, anafanya nini? Anataka seneta auawe. Avon, jambazi wa kona, ndiye anayelazimika kumweleza kwamba mwanasiasa hauawi hivihivi. Amani ya Stringer ilikuwa uamuzi wa gharama. Hesabu ilipobadilika, na amani ikaondoka.

Mwishoni mwa msimu wa 3 wawili hawa wanasalitiana karibu wakati mmoja. Avon anamtoa Stringer kwa Brother Mouzone, muuaji wa kukodiwa, na Omar. Stringer anampa Meja Colvin wa polisi maelezo ya maficho ya Avon. Usiku wao wa mwisho wanasimama juu ya jiji wakikumbuka walivyoiba vifaa vya mpira wa vinyoya (badminton) utotoni, ilhali hawakuwa hata na uwanja wa kuchezea. Uso wa Avon unamlemea. Simsafishi kwa hilo, maana rafiki anakufa kesho yake vilevile. Lakini linganisha na Stringer makaburini, mbele ya Colvin. Colvin anahisi lazima Avon amemfanyia Stringer jambo baya sana mpaka amuuze hivi. Stringer anamwambia hapana, ni biashara tu.

Kwa hiyo, kama nalazimika kuwapanga: Marlo chini kabisa, Stringer juu yake kwa nafasi ndogo sana, Avon juu ya Stringer, na wote watatu wangestahili kifungo chao. Mwenzako wa tatu mwambie airudie ile sehemu ya makaburini kabla ya kunijibu. Mwenzako wa pili mwambie arudie ya duka la pipi. Nawe, kabla ya kuwacheka, irudie ile ya gerezani, Avon anapomwonya mpwa wake na kunyamaza kuhusu wengine.